Wageni wa Mbao na Mwamba wa Mama Mkwe

Nyie vijana mnaosomea utalii, mkinikuta hapa barazani kwangu Mwananyamala nasuka ukili, mnadhani nimezaliwa na ukili mkononi. Basi jueni kwamba mie nimepanga safari za watu sehemu kubwa ya umri wangu. Nimewapeleka watu Mikumi, nimewapeleka Bagamoyo, nimewapeleka Mafia. Kuna bwana mmoja nilimpangia safari ya kwenda kuoa Tanga, akarudi bila mke lakini akasema safari yenyewe ilikuwa nzuri.

Juzi mjukuu wangu kaniambia kwamba darasani mmefundishwa hatua ya kwanza ya kupanga safari ni kujua mahitaji ya mteja. Nilicheka mpaka nikapoteza mshono. Si kwamba ni uongo, ni kweli tupu. Ila hilo somo halisemi inakuwaje pale mteja anapotaka kitu ambacho wewe hujapata kukiona wala kukisikia, bosi wako anaamini amekielewa, na kati ya bosi na mteja ipo mashine ya kukaushia nywele inanguruma.

Nitawaeleza hiyo mashine ilitoka wapi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mambo yamefunguliwa. Maduka yaliyokuwaga na chumvi na viberiti tu yakaanza kuuza sabuni za kila rangi, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara akatundika kibao cha biashara. Bosi wangu, Bwana Eliakimu, alikuwa Mpare wa Usangi, na alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika moja la umma. Wenzake waliopunguzwa naye walianza kufuga kuku. Yeye alifungua kampuni ya utalii. Tulikuwa na chumba kimoja Kinondoni, nyuma ya saluni ya akina mama, na simu tuliyotumia ilikuwa ya saluni. Ukitaka kuzungumza na mteja wa Ulaya ulikuwa unasimama katikati ya wanawake wenye vichwa ndani ya mashine, na harufu ya dawa ya nywele inakutoa machozi. Mteja wa upande wa pili alikuwa anadhani unalia kwa furaha ya kumsikia.

Bwana Eliakimu alikuwa mtu wa tai. Jua liwake, mvua inyeshe, tai ipo. Na kwa wanyama, nisiwadanganye, alikuwa fundi. Alikuwa anaweza kutazama nyasi zilizolala akakwambia simba amelala hapa, ameshiba, na ameondoka kwa hiari yake. Lakini bahari hakuiweza. Milimani kwao maji ni ya mfereji, yanapita mguuni na kwenda zake. Tukivuka na pantoni pale Magogoni kwenda Kigamboni, alikuwa anabaki ndani ya gari, vioo juu, macho amefumba, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini mpaka tuguse ng'ambo. Mie nimezaliwa Kigamboni, nikawa namtazama tu. Mtu akiogopa kwa adabu huwezi kumcheka.

Sasa kampuni ilikuwa inapumulia puani. Vijana wengi wanadhani biashara ya zamani ilikuwa rahisi kwa sababu hapakuwa na ushindani. Ushindani haukuwepo, na wateja pia hawakuwepo. Ndiyo siku moja tukaitwa saluni, kuna simu ya mbali. Bosi akakimbia. Nilimsikia kupitia ukutani anajibu yes, yes, no problem, akizidi kupandisha sauti, na mashine nayo inazidi kunguruma. Akarudi uso unang'aa.

Akanieleza kwamba wanakuja wageni wawili kutoka Australia, mtu na mkewe, na kwamba wanataka rifu breki.

Nikamuuliza ndiyo nini.

"Rifu ni mwamba wa baharini," akasema. "Na breki ni breki, Zuhura, kama ile ya shuleni. Saa nne. Watu wanakunywa chai."

"Wanatoka Australia kuja kunywa chai kwenye mwamba?"

"Mteja haulizwi kwa nini. Halafu wanakuja na mbao zao."

Tukakaa wote wawili tukiwaza hizo mbao. Mwishoni bosi akaamua ni za kutengenezea jukwaa la kukalia, maana mwamba una ncha, na mzungu hawezi kunywa chai amesimama. Basi akamtafuta Fundi Maneno, seremala wa pale mtaani kwetu, awe tayari na nyundo na misumari. Mie nikapewa kazi ya vitumbua, chupa za chai na kitambaa cha meza. Kabla sijatoka bosi akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akaniambia hawa wageni wakirudi kwao wamenuna, sie tunafunga mlango, yeye atarudi Usangi kulima tangawizi. Hapo nikaona kwamba chini ya ile tai kulikuwa na mtu asiyelala.

Kwa hiyo siku ya kuwapokea tulikwenda uwanja wa ndege tukiwa watatu, bosi na tai, mie na orodha ya vitumbua kichwani, na Fundi Maneno na msumeno wake umefungwa gazeti.

Wageni walikuwa warefu, wekundu kwa jua, nywele zimekauka kama katani. Mume tulikuja kumwita Dagi, mke Sheli. Walikuwa wamezuiliwa forodhani kwa sababu ya mizigo yao, mifuko mirefu kuliko mtu. Afisa alikuwa dada mmoja mpole mwenye miwani, amefungua mfuko mmoja na anatazama kilichomo bila kukigusa. Haikuwa mbao kama tulivyojua mbao. Ilikuwa kitu cheupe, laini, chembamba, mbele kimechongoka na nyuma kina mapezi kama papa. Yule dada akatuuliza ni nini. Bosi akasema ni samani. Dada akasema samani gani haina miguu. Bosi akasema basi labda ni chombo cha majini. Dada akasema chombo cha majini lazima kiwe na mahali pa kukaa.

Dagi alipoona mazungumzo yanarefuka akautoa ubao mfukoni, akauweka sakafuni, akaulalia kifudifudi katikati ya ukumbi wa forodha. Akaanza kupiga makasia hewani kwa mikono. Halafu ghafla akaruka, akasimama juu yake kwa miguu iliyopinda, mikono ameitanua, anayumba huku na huku, macho yanatazama mbali. Abiria waliokuwa nyuma yetu wakarudi hatua. Mama mmoja akauliza kama amepatwa na kifafa.

Hapo ndipo tulipoelewa, mie na bosi kwa pamoja, na nilimwona bosi rangi inamtoka. Watu hawa walikuwa wamekuja kusimama juu ya mawimbi.

Yule dada wa forodha naye alielewa. Akamwomba bosi amuulizie mgeni, je, akianguka? Dagi akajibu kwamba anaanguka kila siku. Dada akautazama ubao, akamtazama Dagi, akasema ni vifaa vya michezo, apite, na Mungu amlinde.

Fundi Maneno ndiye pekee aliyehuzunika. Aliupapasa ule ubao toka mwanzo hadi mwisho, akasema randa iliyopita hapa si ya mchezo. Halafu akaugonga kwa kidole, akasikiliza, akasema kwa masikitiko kwamba huu si mti. Lakini hatukumrudisha bure. Ndiye aliyetutengenezea keria ya juu ya gari kwa vijiti vya mikoko, akavilaza vipande vya godoro kuukuu. Na hapa chukueni somo la kazi: mbao za namna hii hufungwa mbele na nyuma, kwa mpira wa tairi uliochanwa, si kwa kamba ya katani. Kamba inakata. Tena ufunge kwa kukaza, la sivyo gari likikimbia zinaanza kuvuma, na kila unapopita watu wanadhani umebeba jeneza lenye malalamiko.

Somo lingine ni la nta. Hawa watu wanapaka nta juu ya ubao ili miguu isiteleze. Nta ya kwao imetengenezwa kwa nchi za kwao. Dagi aliiacha kwenye kiti cha mbele, jua la Dar likafanya kazi yake, na bosi akakalia. Tulipofika Magogoni, siku ya kuvuka kwenda Kigamboni, bosi alikuwa ameganda kwenye kiti kama stempu. Alikuwa ameshawaahidi wageni kwamba leo atasimama nao nje ya gari, kwenye ukingo wa pantoni, awaonyeshe bandari. Akawaomba radhi kupitia dirishani, akasema suruali haimruhusu. Sijapata kumwona mtu akifurahia suruali iliyoharibika namna ile.

Lakini nimeruka. Kabla ya kwenda Kigamboni kulikuwa na ule upande wa kaskazini, na hapo ndipo tulipokaribia kuharibu kila kitu.

Baada ya kuelewa kwamba wageni wanacheza baharini, bosi alipanga upya usiku kucha kichwani mwake. Akasema kama mtu ana mchezo wa hatari, kazi ya mpangaji ni kumtafutia mahali pasipo na hatari. Akaulizia kila mtu pwani iliyotulia kuliko zote. Akapelekwa kwenye ufukwe mmoja mzuri mno, mchanga kama unga wa sembe, na bahari imelala kama uji uliopoa. Tukatandika meza, kitambaa, vitumbua. Wageni wakabeba mbao zao, wakaingia majini, wakazikalia. Wakakaa. Hakuna kilichotikisika. Bosi akasimama ufukweni mikono nyuma, anatabasamu, anasubiri wafurahi.

Walikaa mpaka chai ikapoa. Halafu wakatoka, wakala vitumbua kwa heshima, wakavisifu. Lakini Sheli alikuwa kimya, na ukimya wa mgeni nyie mtajifunza kuuogopa kuliko kelele zake. Bosi akaninong'oneza kwamba haelewi, amewapa bahari bora kuliko zote.

Dagi akachukua kijiti, akachuchumaa, akatuchorea mchangani. Alichora wimbi kubwa linalojikunja, chini yake akachora mawe yenye ncha, na katikati, kati ya wimbi na mawe, akachora kitu kidogo kama mdudu. Akakigusa kile kidudu, akajigusa kifua. Kumbe rifu breki ndiyo hiyo, mahali wimbi linapojivunja juu ya mwamba.

Hapo nikapata ufahamu ambao nimeutumia kazini mpaka nastaafu. Tulikuwa tunawauliza watu swali silo. Hawa hawakutaka mahali pazuri. Walitaka mahali ambapo hakuna mwenye akili zake anakwenda. Ukishajua hilo, kazi inakuwa nyepesi, kwa sababu kila pwani ina mahali kama hapo, na kila mama anapajua maana amewakataza watoto.

Nikawapeleka kwa shangazi yangu, Bi Tatu, kule Kigamboni upande wa kusini, mbali ya ilipoishia lami. Maisha yake yote alikuwa akichokoa pweza kwenye miamba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

Nikamwambia hajafa mtu, nimekuja kuulizia mahali pabaya kuliko pote baharini.

"Pabaya kwa ajili ya nani?"

"Kwa wageni wangu."

Akawageukia, akawatazama. "Wamekukosea nini?"

Nilipomweleza yote hakucheka. Akasema kama ni hivyo, hakuna mahali ila Mama Mkwe. Ni mwamba ulioko mbele ya kijiji, umeitwa hivyo na wazee, na ukiona unavyotendewa utajua kwa nini. Maji yakipwa kabisa anakaa wazi na meno yake yote nje, na hapo wanawake wanaruhusiwa kupita, kwa adabu, na viatu vya plastiki miguuni. Yakijaa kabisa hana habari na mtu, mawimbi yanapita juu yake yakienda zao. Kasheshe ni pale maji yanapopanda, yamefika nusu, na upepo wa kusi unavuma. Hapo analiinua wimbi, analikunja kama mkeka, analibwaga.

Dagi na Sheli walikuwa wamekaa mkekani nami nawatafsiria. Nilipofika kwenye mkeka, Dagi alifumba macho kama mtu anayesomewa dua, akaniomba nimwambie shangazi arudie hapo pa kukunja. Naye akatoa kijitabu chake cha maji kupwa na kujaa, na alichosoma yeye kikalingana na alichosema shangazi, siku na wakati. Wakatazamana kwa furaha kama jamaa waliopotezana. Walichotofautiana ni kimoja tu.

"Anataka kupita hapo na ule ubao?" shangazi akaniuliza.

"Ndiyo."

"Ana watoto?"

"Hana."

"Ndiyo maana."

Kesho yake, maji yakiwa yamekupwa, tukatembea kwenye mwamba kuukagua, na hili pia ni somo. Usimpeleke mgeni mahali ambapo mguu wako haujapita. Pale tukaona mlango wa mwamba, mahali palipo wazi pa kina kirefu ambapo ngalawa hupita. Dagi akasema wataingilia hapo, wasipambane na mawimbi. Shangazi akaonya kwamba mlango huo una mkondo, unavuta kwenda nje, na aliyezoea tu ndiye anayerudi kwa kupitia humo. Sheli alikanyaga mmoja wa wale wadudu wenye miiba mieusi kabla sijamaliza kumtafsiria. Shangazi akamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akampaka utomvu wa papai bichi, akampigapiga kisigino kwa mgongo wa kisu mpaka miiba ikalainika. Toka hapo wale wawili wakawa hawaachani, mmoja anasema Kizaramo na mwingine Kiingereza, na wanacheka mahali pamoja.

Bosi aliukagua mwamba akiwa amesimama mchangani. Kisha akatangaza kwamba atakwenda na wageni.

Shangazi akamwambia, baba, wewe kaa hapa tunywe kahawa. Mie nikamwambia hivyo hivyo. Hata binamu yangu Shomari, mwenye ngalawa, ambaye kwa kawaida hamkatalii mtu kupanda, alimtazama ile tai akasema hapana. Bosi hakukasirika. Alisema jambo moja tu.

"Mikumi simwachi mgeni ashuke garini peke yake. Siwezi kusema hiki ni kitu kingine kwa sababu mie ndiye ninayeogopa."

Shomari akaenda kumtafutia mpira wa kumwelesha.

Basi siku yenyewe ilipofika, kusi inavuma na maji yanapanda, alipanda ngalawa ya Shomari amevaa viatu vya ofisini, tai, filimbi yake ya mbugani shingoni, na kiunoni mpira mkubwa wa tairi la lori. Ule mpira ulimzuia kukaa vizuri, akauvua, akaukalia. Mie na shangazi tukabaki ufukweni, na kijiji kizima nyuma yetu, maana habari ilikuwa imesambaa kwamba kuna wazungu wamekuja kumwamkia Mama Mkwe.

Sitawaficha, ilipendeza. Wimbi lilikuja likainuka, likawa la kijani unaona mwanga ndani yake, na Dagi akatokea juu kabisa, akasimama kama alivyosimama forodhani, ila sasa ilikuwa na maana. Akateremka ubavuni mwa lile wimbi huku linajikunja nyuma yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha Sheli, na alikuwa hodari kuliko mumewe. Shangazi aliacha kuzungumza, jambo ambalo halikutokeaga mara nyingi.

Ngalawa ilikuwa mlangoni, kwenye maji ya kina, salama kabisa kama kila mtu angebaki ameketi. Lakini Dagi alianguka, akakawia kuibuka, na bosi akaona mgeni wake amepotea. Akasimama. Kwenye ngalawa. Akaanza kupuliza filimbi, anamwonyesha kwa mkono arudi garini. Naapa alisema garini, Shomari alimsikia.

Wimbi moja lililotoka nje kuliko mengine likaipita ngalawa kwa chini. Shomari akainamia upande wake kuiweka sawa, na alipoinua kichwa hakuna mtu wa tai. Mpira ukaibuka peke yake, ukachukua njia ya Zanzibar. Bosi alikwenda chini.

Pale ufukweni makelele yakakatika. Mie nilikuwa nimeshika chupa ya chai, nikakuta nimeikumbatia. Kilichonijia kichwani hakikuwa kampuni wala kazi yangu. Kilikuwa mlango wa Mama Naomi, mkewe bosi, nami nimesimama nje, natafuta sentensi ya kwanza.

Tai ndiyo iliyoonekana kwanza, inaelea. Dagi alikuwa ameshaibuka zamani, mzima, kwake kuanguka ni kama kupenga kamasi. Alipiga mikono akamfikia, akamshika ile tai, akamvuta, akamlaza kifudifudi juu ya ubao, naye akajilaza nyuma kifua juu ya miguu ya bosi. Akajaribu kumrudisha kwenye ngalawa. Ule mkondo wa mlango ukawakatalia, unawavuta kwenda nje, na Shomari anapiga kasia lakini hawafikii. Nilimwona Dagi anatazama nje, kisha anatazama pwani, kisha mwamba ulioko katikati. Shangazi naye alikuwa ameelewa. Akasema taratibu kwamba maji yanatosha, yamefunika meno, wapite juu, wapite sasa hivi.

Hakuweza kusikika huko, lakini ndicho walichofanya. Dagi aliugeuza ubao, akatoka kwenye mkondo, wimbi likaja likawanyanyua nyuma. Nikaona nyayo za viatu vya ofisini juu ya mlima wa maji. Halafu wakaanza kuteremka.

Walikuja moja kwa moja, povu limewazunguka, na kabla hatujawaona vizuri tukawasikia. Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwa bosi, ameing'ata kwa meno, na kila akihema inalia. Walipita juu ya Mama Mkwe prii, prii, prii, kama treni ndogo inayoomba njia. Watoto wakaanza kukimbia ufukweni sambamba nao. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza huyu wa filimbi ndiye mwalimu wao? Ubao ukavuka mwamba, ukaingia kwenye maji matulivu ya ndani, ukaja kuparamia mchanga karibu na miguu yangu, na kijiji kizima kikalipuka kwa vifijo. Walidhani ndiyo sehemu ya mwisho ya maonyesho.

Wageni wale walikaa siku zote walizopanga na nyingine walizoongeza. Wakaenda kuwaambia wenzao, nao wakaja, na hao wakawaambia wengine, ndiyo maana sikurudi Kigamboni kukaanga samaki, kazi niliyoifanya kabla ya kampuni, na Bwana Eliakimu hakulima tangawizi. Nimewapeleka Mama Mkwe watu wa mataifa ambayo sikujua kama yana bahari. Siku hizi nasikia mnatazama mawimbi ya wiki ijayo kwenye simu. Ni vizuri, tazameni. Ila simu haitawaambia habari za mkondo wa mlangoni, wala haina utomvu wa papai. Na mtu yeyote, hata awe bosi, asisimame kwenye ngalawa.

Lakini siku ile, pale mchangani, sikujua hata moja katika hayo. Nilijua tu kwamba nilipiga magoti nikamtoa filimbi mdomoni. Dagi alimgeuza, akamkalisha, akamkagua mikono na kichwa, akaona hana hata mkwaruzo, akaenda zake kumtafuta Sheli. Bosi alibaki ameketi, miguu mbele kama mtoto, maji yanamtoka mifukoni. Alikuwa anautazama mwamba. Nikamuuliza kama ameumia. Akavua kiatu kimoja, akamwaga maji. Nikamuuliza kama anataka chai. Akatikisa kichwa.

Nikakaa karibu naye, nikammiminia hata hivyo. Akaniambia bila kunitazama:

"Zuhura, usije ukamwambia Mama Naomi."

"Kwamba umekaribia kufa?"

"Hilo mwambie," akasema. "Usimwambie kwamba nilifurahi."